Habari za kupasuliwa tumbo zisilisahau ini

Mhariri,

Nimekuwa nikisoma katika gazeti lako, hasa matoleo ya mwisho wa wiki, habari za watu waliopungua uzito kwa kupasuliwa tumbo, na kila mara habari hizo huja na picha mbili: ya mtu akiwa mnene, na ya mtu huyohuyo gauni likimpwaya. Sina ugomvi na picha hizo, kwani nami ninazo zangu. Ninachoomba ni kwamba waandishi wenu waulizie pia ini, kiungo kisichoonekana katika picha za namna hiyo, lakini ambacho kwa baadhi yetu ndicho kilichotupeleka kwa daktari.

Mimi ni mwalimu mstaafu na sijapata kuonja pombe. Miaka minne iliyopita, nilipoambiwa kwamba ini langu lina mafuta, nilidhani majibu yamechanganywa na ya mtu mwingine, maana kwetu mgonjwa wa ini huhesabiwa kuwa ama mlevi ama mwenye homa ya ini. Mtaalamu wa altrasaundi alinigeuzia kioo nijionee. Figo ilikuwa ya kijivu cha kiza, na ini lililokuwa kando yake liling'aa kana kwamba limenyunyiziwa unga, ilhali viungo hivyo viwili hutakiwa kukaribiana kwa rangi. Nilikuwa na kilo 118 na kisukari cha miaka tisa, na sikuwa nasikia maumivu yoyote. Mafuta hayo hukaa kimya miaka mingi. Kwa baadhi ya watu huleta uvimbe wa ndani, si kinundu bali ini lenyewe kuvimba, uvimbe ukaacha makovu, na makovu yakizidi ini husinyaa na kuwa gumu, na hatari ya saratani ikaongezeka.

Hapo ndipo upasuaji unapostahili kuzungumzwa kwa uzito zaidi ya ule wa mizani. Watafiti wa Lille, Ufaransa, walichapisha mwaka 2020 matokeo ya wagonjwa wa unene waliokuwa na uvimbe wa ini uliothibitishwa kwa kupima kipande kidogo kilichotolewa kwenye ini. Miongoni mwa waliopimwa tena kwa njia hiyo miaka mitano baada ya kupasuliwa, asilimia 84 hawakuwa na uvimbe huo tena, na asilimia 70 makovu yao yalikuwa yamepungua. Mwaka 2023 madaktari wa Roma nao walitoa matokeo ya wagonjwa 288 waliogawanywa kwa kura: kati ya waliopewa ushauri wa chakula na mazoezi, asilimia 16 walipona uvimbe baada ya mwaka mmoja, na kati ya waliopasuliwa, walipona asilimia 57 ya waliopunguzwa tumbo libaki umbo la ndizi na asilimia 56 ya waliounganishiwa utumbo. Sababu si kula kidogo tu, kwa kuwa homoni za utumbo hubadilika, insulini hufanya kazi vizuri zaidi, na mafuta yanayomiminikia ini hupungua.

Sisemi kila mwenye ini la mafuta akimbilie kisu. Wengi hupata nafuu kwa kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wao kwa chakula na mazoezi, wakiweza kudumu navyo. Katika utafiti wa Cleveland, Marekani, uliotolewa mwaka 2021, kati ya wagonjwa 650 waliopasuliwa, wanne walifariki ndani ya mwaka wa kwanza kwa matatizo ya upasuaji, na mtu ambaye ini lake limekwisha kusinyaa huwa katika hatari kubwa zaidi. Tena iko operesheni ya zamani ya kuruka sehemu kubwa ya utumbo, ambayo iliachwa kwa sababu iliwaua baadhi ya wagonjwa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Kwa kuwa njia hizi hutofautiana hivyo, huniudhi kuona puto la tumboni, ambalo huwekwa bila kupasua na kutolewa baada ya miezi kadhaa, likiandikwa katika habari moja na upasuaji kana kwamba ni kitu kimoja.

Kabla ya operesheni yangu nililazwa njaa wiki mbili kwa supu na maziwa, hata pilau ya harusi ya mpwa wangu nikaitazama tu, ili ini lipungue na daktari aweze kuliinua afikie tumbo lililo chini yake. Walilikumbuka ini, basi, kwa kuwa lilikuwa njiani. Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi ya chakula na orodha ya vitamini, lakini hapakuandikwa popote lini ini litapimwa tena. Nilikwenda mwenyewe baada ya miezi kumi na minne, nikiwa na kilo 81. Safari hii ini na figo vilikaribiana rangi, nikafurahi, hadi daktari aliponieleza kwamba altrasaundi ya kawaida huona mafuta lakini makovu ya mwanzo huyapita. Kuna mashine ya kupima ugumu wa ini, ambayo mjini kwetu haipo. Nimepangiwa kwenda Dar es Salaam mwezi ujao.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro