Kihispania kifundishwe kwa Kiswahili, na kianzie jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nitoe rai kwa vyuo vya utalii, walimu wa lugha na wazazi wa mkoa wetu wa Kigoma. Vijana kadhaa hapa Mwanga na Ujiji wameanza kujifunza Kihispania kwa simu zao, na jambo hilo linanifurahisha sana. Kinachonisikitisha ni kwamba karibu wote wanakifikia kwa kupitia Kiingereza, tena kwa kuanza na majedwali ya vitenzi, wakachoka kabla hawajaweza hata kuagiza chai. Rai yangu ni kwamba Kihispania kifundishwe kwa Kiswahili moja kwa moja, na masomo ya mwanzo yawe ya chakula, soko na safari, kwa kuwa huko ndiko mtu wa Kigoma atakakojikuta hana ugeni mkubwa.

Tuanze na sauti. Kihispania kina irabu tano kama zetu, na kila moja hutamkwa vilevile popote inapokaa. Neno linaloishia kwa irabu kwa kawaida hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyokaza tunapotamka Kigoma au Kasulu. Herufi ñ ni ny yetu, na j yao iko karibu na kh ya wazee wa Ujiji wanapotakiana kheri. Kitenzi chao humbeba mtenda ndani yake, hata mtu akisema hablamos amekwisha kusema "tunasema" bila kuhitaji kutanguliza "sisi". Kivumishi hufuata nomino na kupatana nayo, jambo ambalo mtoto wetu hulifanya kila siku katika ngeli nyingi kuliko jinsia mbili za Kihispania. Hata ile hali ya kitenzi inayowatesa wanafunzi wa Ulaya, ya kutaka au kuomba mtu afanye jambo, sisi tunayo: tunasema "nataka aje", wala hatusemi "nataka anakuja", na Mhispania naye hubadilisha kitenzi chake mahali hapohapo, akasema quiero que venga. Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya Waingereza hueleza mambo haya kwa kurasa nyingi kana kwamba ni maajabu, na kijana wetu anayevisoma hujikuta akibebeshwa ugumu wa watu wengine. Ugumu wake halisi, kama vile vitenzi vya wakati uliopita na r ya kutetemesha ulimi, mwalimu angepata muda wa kutosha wa kuushughulikia.

Mimi nilijifunza kwa wafanyakazi wenzangu wa shirika moja la misaada wilayani Kasulu, ambao walitokea kusini mwa Hispania na ambao walinifundisha kwa kupika. Baadaye nilibahatika kufika kwao Málaga, mji wa pwani katika jimbo la Andalusia, na hapo ndipo nilipoona faida ya njia hiyo. Ufukweni mwa Málaga kuna wachoma samaki ambao jiko lao ni mtumbwi mzee uliojazwa mchanga. Moto wa kuni za mzeituni huwashwa ndani ya mtumbwi hadi uwe makaa. Mchomaji huchukua sardini, samaki ambao ni ndugu wa mbali wa dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika ingawa ni wakubwa zaidi, akawatunga kwenye kijiti cha tete kwa kukipitisha chini ya uti wa mgongo ili nyama isipasuke, akawanyunyizia chumvi ya mawe, kisha akakichomeka kijiti mchangani kikiwa kimeinamia makaa bila kuyagusa. Ngozi hubadilika rangi polepole, mafuta yanadondoka kwenye mchanga badala ya kwenye moto, na kwa hiyo samaki hawanuki moshi wa mafuta yaliyoungua. Huliwa kwa vidole, na hakuna anayeona aibu.

Nilipomuuliza mchomaji mmoja kama samaki wake walikuwa wa alfajiri hiyo, alinivutia kiti, akaanza kunieleza upepo unavyowazuia wavuvi wasitoke na miezi ambayo sardini hunona, yaani ile ya kiangazi chao. Mvuvi yeyote wa Kibirizi hapa Kigoma angeyafuata mazungumzo yale mwanzo hadi mwisho. Naamini nisingalikaribishwa namna ile kama Kihispania changu kingekuwa cha kuulizia kituo cha treni tu.

Vyakula vingine vya huko vinahitaji maelezo mafupi tu. Ile tortilla ya Hispania kwa hakika iko jirani sana na chipsi mayai: viazi hukatwa vipande vyembamba, hupikwa polepole katika mafuta ya zeituni hadi vilainike, huchujwa, huchanganywa na mayai, kisha vyote hurudishwa kikaangoni na kugeuzwa kwa msaada wa sahani. Wenyewe hubishana bila kuchoka kama kitunguu kitiwe au kisitiwe, na mgeni akitaka kuzungumza na watu asiowajua, swali hilo linatosha. Chakula cha mchana huliwa saa nane hata saa tisa, na cha usiku saa tatu au nne, kwa hiyo mtu atakayetafuta mlo saa kumi na mbili jioni atakuta majiko mengi bado hayajawashwa. Mchana migahawa mingi huwa na mlo wa bei moja unaoitwa menú del día, wenye sahani mbili, mkate, kinywaji na kitu kitamu cha kumalizia, na kwa mfuko wa msafiri wa kwetu huo ndio mlo wa kutafutwa. Wenzangu Waislamu wajifunze mapema kusema no como cerdo, yaani sili nguruwe, kwa kuwa vipande vya nyama hiyo hutiwa hata katika mboga, na mhudumu anayeombwa chakula kisicho na nyama anaweza asivihesabu kuwa ni nyama.

Adabu za mezani na sokoni nazo zinafundishika kirahisi kwa mtu wa kwetu. Kwa desturi ya wazee wa Hispania, anayekula akipitiwa na mtu humkaribisha kwa kusema ¿gusta usted?, na mpita njia hushukuru kwa kumtakia chakula chema, que aproveche, akaendelea na safari yake. Nani kati yetu hajawahi kusema "karibu chakula" akajibiwa "ahsante, nimeshiba"? Sokoni, kwa muuza samaki au nyama, watu huenda hawakusimama kwa mstari. Anayefika huuliza kwa sauti ¿quién es el último?, mtu wa mwisho huinua mkono, naye hujua kwamba zamu yake inamfuata huyo. Huko Kuba utaratibu huo ndio unaoendesha foleni za kila aina. Asiyeujua ataonekana mjeuri anayewapita wenzake, ilhali amekosa sentensi moja tu.

Ng'ambo ya bahari, katika nchi za Amerika zinazosema Kihispania, mtu wa Kigoma anakuta asili ya mezani pake. Mahindi yalianza kulimwa Meksiko, muhogo na karanga vilitoka Amerika ya Kusini, na nyanya, pilipili na parachichi vyote vilitoka huko Amerika kabla ya kufika kwetu. Natamani walimu wa mapishi wafundishe jinsi watu wa Meksiko wanavyoyatayarisha mahindi: huyachemsha katika maji yaliyotiwa chokaa, huyaacha yalale usiku kucha, huyaosha maganda, kisha huyasaga yakiwa bado na unyevu ili kupata donge la mikate yao myembamba, ambayo nayo huitwa tortilla. Chokaa hiyo hulegeza ganda na pia huifungulia mwili vitamini ya niasini iliyojificha ndani ya mahindi. Wazungu waliyachukua mahindi wakaiacha chokaa, na maskini wao walioishi kwa mahindi matupu wakapatwa na pelagra, ugonjwa ambao daktari Gaspar Casal aliueleza katika karne ya 18 kutoka Asturias, kaskazini mwa Hispania. Darasa moja la namna hiyo lingempa mwanafunzi msamiati wa jikoni, historia na maarifa ya lishe kwa wakati mmoja.

Ndizi zilisafiri upande wa pili. Asili yake ni Asia, lakini zilitoka Afrika zikapitia visiwa vya Kanari, na leo watu wa Kolombia, Ekuado na visiwa vya Karibi hukaanga ndizi mbichi, wakaziponda ziwe bapa, wakazikaanga tena. Kolombia huziita patacones. Watu pia walisafirishwa, kwa minyororo. Karibu na Cartagena, nchini Kolombia, kipo kijiji cha San Basilio de Palenque, ambacho wakazi wake ni wazao wa Waafrika waliotoroka utumwa na ambao wanamheshimu Benkos Biohó kama mwasisi wa uhuru wao. Lugha yao imechanganya Kihispania na lugha za Kibantu, hasa Kikongo, na UNESCO iliutambua utamaduni wao mwaka 2005. Wanawake wa kijiji hicho huuza matunda na vitamu vya nazi katika mitaa ya Cartagena wakiwa wamebeba mabakuli makubwa kichwani. Mtanzania anayefika huko hastahili kuwapiga picha na kuondoka. Anastahili kuweza kuketi nao na kuulizana habari.

Kwa asiyeweza kuvuka bahari, Kihispania kipo Afrika pia. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, hukitumia kama lugha rasmi, na Wafang na Wabubi wa nchi hiyo husema lugha za Kibantu kama Waha wa kwetu. Katika miji yake ya Malabo na Bata watu hula ndizi, muhogo, samaki na mchuzi wa karanga, na mawese hayatokosekana jikoni. Sioni mji wa Tanzania ulio tayari kwa mapishi hayo kuliko Kigoma.

Wala lugha hii si ngeni kabisa katika ziwa letu. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na kundi la kwanza la Wakuba walivuka kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, na Novemba mwaka huohuo wakarudi kwa njia hiyohiyo. Katika vita vile walijiita kwa namba za Kiswahili: Víctor Dreke, msaidizi wa Che, akawa Moja, na Che mwenyewe akawa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili, na baadaye alipelekwa Kuba, akasomea udaktari huko. Lugha hizi mbili zilikutana bila mkalimani wa Kiingereza katikati. Kwa nini leo, tukiwa na amani na shule, tushindwe?

Najua wapo watakaosema kwamba kijana afunzwe kwanza lugha ya kumpatia kazi. Kazi ipo. Wageni wanaopanda boti Kibirizi kwenda kuwaona sokwe wa Gombe, na wale wanaoshuka kusini hadi Mahale, wamo wanaotoka Hispania na Amerika ya Kusini, na mpishi au mwongoza watalii anayeweza kuwaeleza mgebuka ni samaki gani na sombe, yaani kisamvu, hupikwaje atakumbukwa na kuulizwa tena. Aidha, Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kama lugha yake ya kazi mwaka 2022, na Kihispania nacho kimo katika orodha ya lugha zake, kwa hiyo watahitajika wakalimani wa kutoka lugha hii kwenda ile moja kwa moja. Hata hivyo sikubali kwamba kazi iwe sababu pekee. Watu wetu nao wana haki ya kusafiri kwa furaha, kula chakula cha wenzao na kuuliza kinavyopikwa. Anayeazimia kwenda Hispania aombe viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Hispania imo, mapema, siyo chini ya siku 15 kabla ya safari, na muda huo wa kusubiri autumie kujifunza kuagiza chakula.

Ninachoomba basi ni kwamba chuo kimoja cha Kigoma kianzishe darasa la jioni la Kihispania linalofundishwa kwa Kiswahili, likiwa na jiko. Nawe Mhariri, nakuomba utenge safu ndogo katika toleo lako la Jumamosi kwa ajili ya masomo hayo. La kwanza liwe la kununua samaki: jinsi ya kusalimu, kuulizia mtu wa mwisho, kujua kama ni wa leo, kuuliza bei na kuomba asafishwe magamba. Niko tayari kuliandika bila malipo.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma