Kwani katuni ina ubaya gani? Jibu kwa aliyesema mtu mzima asianze na simba

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Reading huku Uingereza, baridi inatutafuna ila tupo. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi nikiwa kwenye treni na kwa kawaida mi ni msomaji wa kimya kimya, ila barua ya msomaji mwenzangu ya wiki mbili zilizopita imenitoa pangoni. Yule aliyesema Mswahili akija London akataka kuona mchezo wa nyimbo wa jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwake, asipoteze hela kwenye "katuni za watoto" kama ule wa simba, The Lion King, aanze na michezo ya watu wazima yenye heshima zake. Nimesoma nikacheka, nikarudia kusoma nikakasirika kidogo, maana ushauri huo huo ndo niliopewa mimi mwaka 2012 na nikaufuata kama kondoo.

Wenzangu wa kazini walinipeleka Les Misérables, mchezo ambao London upo tangu 1985, na sisemi ni mbaya jamani, watu wanalia mle ndani kwa kwikwi. Shida ni kwamba mle karibu kila kitu kinaimbwa, mtu hata akitaka kugombana anagombana kwa kuimba, halafu stori yenyewe ni msitu, mfungwa katoka jela, kabadili jina, miaka imepita, mtoto kakua, mara vijana wanajenga vizuizi barabarani Paris, mimi nikajua ni yale mapinduzi makubwa ya Ufaransa tuliyokaririshwa sekondari kumbe wapi, ni vurugu nyingine kabisa za 1832. Karibu saa tatu hizo. Kiingereza cha kuongeleshwa nakiweza, cha kuimbiwa na watu kumi kwa mpigo kila mmoja na maneno yake, hapana. Kufika mapumziko nilikuwa nishamuuliza jirani yangu "huyu nani tena?" mara nne na jicho alilonitupia la mwisho sikuthubutu kuuliza la tano. Nikakaa miaka kumi na ushee naamini vitu hivi sio vya kwetu.

Sasa mi naona hivi. Mara ya kwanza kila kitu ni kigeni, ukumbi mgeni, wapiga vyombo wamefichwa shimoni huko mbele, mtu anaongea vizuri tu ghafla anaanza kuimba na hamna anayeshtuka. Ukijiongezea na stori usiyoijua kichwa kinajaa hata nyimbo husikii. Chukua stori ambayo tayari unayo, ili macho yabaki na kazi moja tu ya kuangalia jukwaa linafanya nini. Na stori gani tunayo wote bila kufungua kitabu? Hizo hizo katuni anazozidharau. Kanda ya Lion King ya 1994 kwetu Tanga ilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka picha ikawa na mistari, na bado tuliiangalia.

Kwa hiyo mama yangu alipokuja kunitembelea 2023 nikasema sirudii kosa. Mama ana miaka sabini na mbili, Kiingereza chake ni thenkyu basi. Nikampeleka ukumbi wa Lyceum, pale London jirani na mtaa wa Strand, ambapo huyo huyo simba anachezwa tangu 1999 (New York alianza Broadway, kwenye majumba yao makubwa ya michezo, Novemba 1997, na hajashuka mpaka leo). Taa zikazimwa, akatoka mwanamke kavaa kama mganga, ndo Rafiki huyo, kwenye katuni ni nyani dume ila jukwaani wamemfanya mwanamke, akapiga ukelele mmoja mama akaniminya mkono. "Kiswahili gani hicho?" Nikamwambia sio Kiswahili mama, Kizulu hicho, kuna Msauzi anaitwa Lebo M ndo kaweka sauti hizo. Mara wakamjibu waimbaji wengine kutoka pembeni juu kabisa, ngoma zinapigwa kulia na kushoto, jua likaanza kupanda, na jua lenyewe ni tepe za hariri tu zinapepea, twiga wakaingia na ukiangalia vizuri twiga ni mtu mmoja anatembea kwa magongo manne, mikononi na miguuni, halafu nyuma yetu kishindo, tembo anapita kwenye njia katikati ya viti, mguu mmoja mtu mmoja.

Mama akafungua pochi.

Nikadhani anatafuta leso. Kumbe katoa noti ya pauni tano, ile ya plastiki, kashaanza kunyanyuka, anataka kwenda kumtuza Rafiki! Wallahi nimemvuta kanga. Mwanamke wa Tanga kalelewa na taarabu, kwake mwimbaji akikuchoma moyo unainuka unakwenda taratibu unamwekea hela yake, kukaa tu ukapiga makofi mwishoni ni uchoyo. Nikamnong'oneza huku hawafanyi hivyo, akakaa kanuna, "sasa wanajuaje kama wamependwa?" Sikuwa na jibu.

Halafu kuna raha moja ambayo Mzungu aliyelipia kiti cha mbele haipati. Fisi jike anaitwa Shenzi. Kila wakimwita, ukumbi mzima kimya, mama peke yake kwa! kwa! kwa! mpaka kijana wa kiti cha mbele akageuka. Pumbaa naye kapumbaa kweli. Mama yake Simba anaitwa Sarabi, mazigazi yale unayoyaona barabarani jua likiwa kali. Yule msomaji anasema mchezo huu sio wa wakubwa, mi nasema watu wanaoelewa majina yake kuliko watazamaji wengi mle ndani ni sisi, na ndo tunaambiwa tuukimbie.

Na hapa ndo namkatalia kabisa neno la "kitoto". Kuna mahali mfalme keshakufa na majike ya simba wanaomboleza, hawana machozi, wanavuta tepe nyeupe kutoka kwenye macho ya vinyago vyao, zinashuka taratibuuu. Mama alikuwa kashika upindo wa kanga na hakuachia mpaka waliposimama. Ukame ukaja, wameuonyeshaje? Kitambaa cha bluu kimetandazwa chini kama ziwa kisha kinavutwa kinaingia kwenye tundu la sakafu ya jukwaa kidogo kidogo mpaka maji yameisha. Nyasi zinabebwa vichwani na wachezaji kama wanawake wanaotoka kukata majani. Mwongozaji wake, Julie Taymor, aliamua mtu asifichwe nyuma ya mnyama, unamwona simba na unamwona binadamu aliyemvaa, kinyago kimekaa juu ya kichwa sio usoni, na 1998 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani ya Marekani, kwa kuongoza mchezo wa nyimbo. Hayo kwenye katuni hayamo.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya, sio kila katuni ikipandishwa stejini inapendeza. Yule nguva wa katuni ya The Little Mermaid alipelekwa Broadway Januari 2008, wachezaji wakavalishwa viatu vyenye magurudumu ili waonekane wanaogelea, Agosti 2009 wakafunga. Tarzan nae hakufika hata miaka miwili. Ninavyoona mimi, mtu akijaribu kuiga katuni ilivyo anashindwa, maana kalamu ya mchora katuni itaruka kuliko kamba za jukwaani siku zote. Aladdin ana zulia lake linalopaa na ukiliona unafungua mdomo kweli, ila ukishafika nyumbani unakumbuka zulia tu. Frozen nilikwenda na watoto wa rafiki yangu kabla haijafungwa London 2024, nzuri, gauni linabadilika mbele ya macho yako hata hujui limebadilikaje, lakini watoto mia kadhaa wanaimba ule wimbo wa Let It Go kwa pamoja, mh, masikio yangu yanajua.

Na Hamilton? Mchezo mzuri, wote wanasema, ila ni wa kurap kuhusu waasisi wa Marekani na maneno yanakwenda mbio kuliko daladala za usiku. Uache uwe wa tatu au wa nne, na usikilize nyimbo zake nyumbani kwanza.

Ushauri wa hela sasa maana ndo wengi mnataka. Tiketi za bei rahisi ziko juu kabisa, na majumba ya huku mengi ni ya zamani, kuna nguzo. Ukumbi mmoja siutaji nilinunua kiti cha bei chee, nikaona nusu ya jukwaa na nusu nguzo, kumbe waliandika kwenye tiketi kwa herufi za sisimizi. Kwa Lion King bora ukose siku mbili za nyama ukae chini karibu na njia, la sivyo tembo utamwona mgongo tu. Wenye watoto, wa chini ya miaka 3 hawaingii kabisa na wenyewe wanashauri kuanzia 6, mchezo unachukua saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Wenzetu wa Muscat na Dubai nao 2022 walisogezewa simba huyo Abu Dhabi, wifi yangu alikwenda akanirushia picha za nje maana ndani hawaruhusu simu.

Na mnaosema hamjawahi kuona mchezo wa aina hii, Sarafina mliiangalia au hamkuiangalia? Ile ilianza jukwaani Johannesburg 1987, mwaka uliofuata ikawa Broadway, filamu ilikuja baadae. Hata Nairobi wana yao iliyotoka kwenye katuni, Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizochorwa kwa mtindo wa mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga, wakaipandisha jukwaani na mwanamuziki wa Kenya Eric Wainaina yumo kwenye muziki wake. Hiyo sijaiona na inaniuma, mwenye habari kama itarudi aandike hapa hapa gazetini.

Mama kesharudi Tanga zamani. Wiki iliyopita kanipigia, tumemaliza habari za mvua na za mashamba, akaniambia ile noti ya pauni tano hajaibadilisha, ipo kwenye kabati chini ya kanga za sikukuu. Anasema ni ya yule mganga, atanitumia kwa mtu anayekuja huku, nikienda tena nimsubiri mlangoni nimpe.

Msomaji wenu,
Mwana wa Tanga, Reading