Mheshimiwa Mwenyekiti, Waambie Vijana Wako Mimi ni Nani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa wetu, Kigoma.

Salaam aleikum. Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini kwako nimekuja mara tatu, na mara zote nimeambiwa umetoka.

Jumanne iliyopita niliondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda mwaloni Kibirizi, mitumbwi inakoshusha dagaa. Wewe umekulia hapa, unajua dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza; mbalamwezi ikiwaka, nyavu zinapumzika. Kwa hiyo sisi wauzaji riziki yetu iko katika siku za giza, na anayekutana nasi njiani huona kivuli tu na beseni kichwani. Vijana wawili wa ulinzi wakanimulika tochi usoni. "Mama, wewe mgeni wa nani?" Nikawaambia naishi nyumba ile yenye mchikichi. Mmoja akasema haifahamu. Akaniuliza nimevuka kutoka Burundi au Kongo. Wakanikalisha juu ya jiwe, Mheshimiwa, mpaka adhana ikapita. Nilipofika mwaloni, dagaa walishagawanywa. Beseni lilirudi tupu.

Sina neno baya juu ya Mrundi wala Mkongo. Babu yangu alikuwa Mmanyema, na asili ya Wamanyema wa Ujiji ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo. Lakini mimi nimezaliwa Ujiji, nikaolewa katika mtaa huu mwaka 1984, nikazaa watoto watano katika nyumba ile, na jeneza la mume wangu lilitokea nyumba ile. Mchikichi ule aliupanda yeye.

Nadhani najua tulivyofikia hapa. Viwanja vimeuzwa kimoja kimoja. Palipokuwa na ua wa matete sasa pana ukuta na geti, na kinjia chetu cha kwenda kisimani kimezibwa. Majirani wapya wanapita na magari, vioo vimefungwa. Sijui jina la hata mmoja. Wa zamani tumebaki nyumba nne. Na hao vijana, nasikia, wametolewa mitaa mingine ili wasimwonee mtu muhali. Labda ndivyo, labda sivyo. Ninachojua ni kwamba elfu mbili ya ulinzi natoa kila mwezi na stakabadhi ninazo zote. Hata mwaka 2024, ziwa lilipofungwa watu wasivue kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 na sina hata dagaa wa kitoweo, nilikopa nikalipa. Nimelipa, halafu naulizwa mimi ni mgeni wa nani!

Kabla ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024, ulikaa kwenye mkeka wangu ukala ugali kwa migebuka. Ulisema ukichaguliwa utaitisha mkutano, wa zamani na wapya tukae tujuane, na walinzi watambulishwe nyumba kwa nyumba. Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu wajukuu wangu walikupigia makofi. Mkutano huo sijausikia mpaka leo.

Marehemu mama yako nami tuliuza dagaa pamoja miaka mingi. Akiugua, wewe nilikuwa nakubeba mgongoni, tukipita njia hiyo hiyo, mbele ya jiwe hilo hilo.

Sasa natembea na karatasi ya namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nimeifunga kwenye pindo la khanga, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Nikisikia viatu nyuma yangu, moyo unanilipuka. Binti yangu ananisihi niache kutoka usiku. Nikiacha, tutakula nini?

Sidai dagaa wangu. Kama mkutano ni mzito kwako, basi usiitishe. Giza la mwezi ujao likianza, njoo saa kumi alfajiri usimame nami njiani, uwaambie vijana wako kwa kinywa chako mimi ni nani. Hilo tu, Mheshimiwa. Njoo usimame nami.

Nitakusubiri mlangoni.

Ni mimi, mama wa nyumba yenye mchikichi.