Wa Skellig Michael, kile kisiwa cha Ireland, someni kabla ya kulipa boti

Wanakikundi hamjambo. Kwanza viza: kwa pasipoti ya Uganda, viza ya Schengen (ile ya nchi nyingi za Ulaya) haikuingizi Ireland, na ya Uingereza vilevile. Ombeni ya Ireland yenyewe, tena mapema.

Boti za kuteremsha watu kisiwani hutoka Portmagee, kijiji cha pwani, katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba, na kila moja huchukua abiria 12 tu. Bahari ikichafuka safari hufutwa asubuhi hiyohiyo, maana gatini hakuna utulivu: boti inapanda na kushuka, nawe unavizia iinuke ndipo ukanyage jiwe. Kwa hiyo wekeni siku tatu pale, si moja.

Ngazi ni 618, za mawe, sehemu kubwa hazina pa kushika. Zikilowa ni utelezi mtupu. Buti zenye meno, raba za Kampala mziache. Choo hakuna kisiwani, malizeni kila kitu Portmagee.

Ngazi hizo ndizo zinazoonekana mwishoni mwa filamu ya Star Wars ya 2015. Vibanda vya ile ya 2017 vingi vilikuwa bandia, vilijengwa Ceann Sibéal, rasi ya huko bara, na vimeshabomolewa. Msimlipe mtu awapeleke kuvitazama.

Anayetaka Juni aandike jina hapa chini.