Kabla Hujafika Horohoro: Intaneti ya Simu kwa Anayekwenda Mombasa kwa Gari

Kutoka Tanga mjini hadi mpakani Horohoro ni kilomita 60 na ushei za lami, na ukishapita Lunga Lunga, upande wa Kenya, unabakiza kama 100 kufika Likoni. Ufupi wa njia ndio unaoponza watu. Gari limefanyiwa sevisi, bima ya njano ipo, pasi iko mfukoni, ila simu imeachwa ijiamulie. Na simu ikiachwa hivyo mpakani, itaamua mambo matatu bila kukuuliza: ishike mnara wa nani, itumie data ya laini ipi, na salio likatwe wapi. Malalamiko yanayofika kaunta ya duka letu la simu hapa Ngamiani, Tanga, baada ya safari za Kenya karibu yote yanaangukia kwenye moja ya hayo matatu. Ni mara chache kosa likawa la mnara.

Simu huvuka kabla ya gari

Mawimbi hayaonyeshi pasi. Ukishapita Duga Maforoni, na zaidi ukiingia ndani kuelekea Jasini, minara ya Kenya nayo huanza kuifikia simu yako. Simu haiukimbilii mtandao wa kigeni madhali wa nyumbani unapatikana, lakini wa nyumbani ukikatika hata kidogo tu, itarukia wa jirani. Wengi hudhani itarudi yenyewe. Hairudi upesi. Kanuni za mitandao ya simu zinaitaka simu iliyo ugenini iutafute tena mtandao wake kila baada ya muda pale tu mitandao yote miwili iwe ya nchi moja. Ikishika wa nchi nyingine huung'ang'ania mpaka mawimbi yafifie kabisa. Ndiyo maana mtu anayerudi anaweza kuwa ameshagongewa muhuri Horohoro, amesimama upande wetu ananunua muhogo wa kuchoma, na data bado inakatwa kwa bei ya ugenini.

Saa ya simu haitakushtua pia, kwa sababu Kenya na Tanzania tuna saa moja. Dalili ni mbili tu: jina la mtandao juu ya kioo, na mara nyingi herufi R kando ya vijiti vya mawimbi.

Dawa yake ni kuchagua mtandao kwa mkono kabla hujakaribia mpaka. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao ya simu, kisha orodha ya watoa huduma. Zima uchaguzi wa kujiendesha na subiri simu itafute. Inaweza kuchukua dakika mbili au tatu na wakati huo data hukatika, usiogope. Gusa jina la mtandao wako. Simu nyingine, hasa za bei nafuu, hazionyeshi majina bali namba. Shika hizi: zinazoanza na 640 ni za Tanzania, zinazoanza na 639 ni za Kenya.

Ukishavuka, irudishe kwenye kujiendesha. Hatua hii husahaulika kuliko zote: simu inaendelea kuutafuta mtandao wa Tanzania pale Msambweni, inaandika "hakuna huduma", na mwenye simu anaapa kwamba laini imefungwa. Wakati wa kurudi, ukishapita geti la Horohoro, weka simu kwenye hali ya ndege kwa sekunde 10 kisha itoe. Itaanza kutafuta upya na kuukuta wa nyumbani.

Rominga au laini ya Kenya?

Kwa safari ya waja leo waondoka leo, tumia laini yako ya Tanzania na ununue kifurushi cha rominga, yaani cha kutumia laini yako kwenye mtandao wa nchi nyingine. Ukilala usiku mmoja, bado ni hivyo hivyo. Kuanzia siku tatu, au kama mko wengi garini mnaotegemea data moja, laini ya Kenya inalipa.

Kifurushi cha rominga si lile bando lako la wiki. Bando la ndani, hata likiwa na gigabaiti 20, halifanyi kazi nje ya nchi isipokuwa limeandikwa wazi kwamba linafika huko. Ukivuka nalo, ama data inagoma, ama kila megabaiti inakatwa kwenye salio la kawaida. Ya pili ndiyo inayouma, maana hakuna onyo mpaka salio likauke. Kwa hiyo: piga huduma kwa wateja ukiwa bado Tanga, hakikisha rominga imefunguliwa kwenye laini yako (kuwasha kitufe cha rominga kwenye simu peke yake hakutoshi), nunua kifurushi kinachoitaja Kenya, na uulize ni mtandao upi wa Kenya kinafanyia kazi. Vingine hufanya kazi kwa mtandao mmoja tu. Ukiwa huko, simu ikishika mtandao usio huo, uchague ulio sahihi kwa mkono kama tulivyoeleza.

Weka na salio la akiba, kwa sababu vocha ya Kenya haiingii kwenye laini ya Tanzania. La sivyo utamtegemea mtu wa nyumbani akurushie.

Usishangae pia intaneti ya rominga ikiwa nzito kidogo hata vijiti vikiwa vimejaa. Unapofungua ukurasa ukiwa Ukunda, data yako kwa kawaida hurudi kwanza kwenye mitambo ya kampuni yako Tanzania, ndipo inatoka kwenda duniani, kisha inarudi njia ile ile. Kwa ujumbe hutaona tofauti. Kwa simu ya video utaiona. Na kwa sababu hiyo hiyo APN, yaani jina la mlango ambao simu hupitia kuingia kwenye intaneti, haibadilishwi ukiwa kwenye rominga. Inabaki ile ya nyumbani. Tunaletewa simu ambazo mwenyewe, kwa kuhangaika, ameshaandika APN ya Kenya kwenye laini ya Tanzania; hapo hata ukirudi Tanga intaneti haiji.

Kuna kitendawili cha menyu za nyota. Ukiwa ugenini, namba fupi hazipelekwi zote mahali pamoja: kwa kanuni, zinazoanza na 10 hadi 14 hurudi kwa kampuni yako, na zinazoanza na 15 hadi 19 zimetengewa mtandao wa mwenyeji. Kwa hiyo menyu ya vifurushi ya *149 inaweza kufunguka vizuri, halafu menyu ya pesa ya *150 ikakuletea "msimbo batili". Laini yako haina ubovu. Weka programu ya huduma yako ya pesa kwenye simu na uingie mara ya kwanza ukiwa bado nyumbani, ili Kenya uitumie kupitia data.

Kwa laini ya Kenya, nenda duka la mtandao wenyewe ukiwa na pasi, isajiliwe kwa jina lako. Laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, inayouzwa kando ya barabara, iache hapo hapo. Ikifungwa huna pa kuidai, na fedha iliyomo si yako kisheria. Ukishaiweka, subiri dakika chache upokee ujumbe wa mipangilio. Usipokuja, ya Safaricom andika mwenyewe: APN ni safaricom, jina la mtumiaji ni saf, nenosiri ni data, zote kwa herufi ndogo na bila nafasi mwishoni. Nafasi moja iliyojificha baada ya neno inatosha kuharibu kila kitu. 4G ikionekana juu ya kioo na bado hakuna ukurasa unaofunguka, tazama APN kabla hujamlaumu mtu.

Simu yako ikipokea eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayopakuliwa ndani ya simu, ukibonyeza *#06# utaona, pamoja na namba za IMEI, namba ndefu iliyoandikwa EID. eSIM za wasafiri zinazouzwa mtandaoni ni nzuri kwa data, lakini nyingi hazina namba ya simu, hivyo huwezi kulipia kitu kwa M-Pesa ya Kenya nazo. Na ipakue ukiwa kwenye Wi-Fi nyumbani. Kuihitaji intaneti ili upate intaneti, ukiwa umesimama Lunga Lunga, ni adha.

Laini mbili ndani ya simu moja

Mpangilio tunaoupendekeza kwa wengi ni huu: laini ya Kenya itoe data, ya Tanzania ibaki hewani kwa ajili ya ujumbe wa benki, na rominga ya data ya laini ya Tanzania izimwe. Kisha tafuta kitufe kinachoruhusu simu ibadili data yenyewe kwenda laini nyingine mawimbi yanapopungua. Kizime. Hicho kimekausha salio la watu wengi kuliko kosa lingine lolote, kwa sababu kinafanya kazi kimya: ya Kenya inayumba dakika mbili, simu inahamia ya Tanzania, picha 40 za harusi zinapakuliwa kwa bei ya rominga.

WhatsApp itagundua laini mpya na huenda ikauliza kama unabadili namba. Kataa. Itaendelea na namba yako ya Tanzania juu ya data ya Kenya bila tatizo.

Futa pia uelekezaji wa simu, yaani simu usiyoipokea kupelekwa namba nyingine: ukiwa bado Tanga bonyeza ##002# upige. Inafuta uelekezaji wote. Usipofanya hivyo, simu usiyoipokea ukiwa Mombasa inaweza kuja hadi Kenya, ikarudishwa Tanzania, na ukatozwa safari zote mbili.

Halafu kuna namba ulizohifadhi. Nchi zote mbili zina namba za 07. Ukiwa na laini ya Kenya na ukagusa "Mama Asha" aliyehifadhiwa kwa 07, simu itaita Kenya, kwa mtu usiyemjua. Kwa maongezi ni aibu ndogo. Kwa kutuma pesa ni hasara. Badilisha namba muhimu ziwe za +255, sifuri ya mwanzo ukiitoa. Zitafanya kazi hata ukiwa Tanga.

Data kiasi gani?

Hesabu iko hivi. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula megabaiti 72 kwa saa. Video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde, ambayo ni picha ya wastani tu, inakula 450. Dereva peke yake, mwenye ramani, ujumbe na muziki kidogo, gigabaiti 1 kwa siku inamtosha na kubaki. Watoto wawili nyuma wakiangalia katuni kwa muda wa saa tatu, ongeza karibu gigabaiti 3.

Hotspoti ina mtego wake. Simu ya mwenzako ikijiunga na hotspoti yako huihesabu kuwa ni Wi-Fi, na kwa simu nyingi Wi-Fi maana yake ni ruhusa: ipandishe picha zote kwenye hifadhi, ipakue masasisho, isasishe programu 30. Kwenye kila simu inayojiunga, fungua maelezo ya hotspoti hiyo na uitie alama kwamba data yake inahesabiwa. Kwenye iPhone washa hali ya kubana data. Kompyuta mpakato nayo vivyo hivyo, tena hiyo kwanza.

Ramani, chaji na joto

Pakua ramani ya eneo zima kuanzia Tanga hadi Malindi ukiwa kwenye Wi-Fi, na uisasishe hata kama unayo ya zamani. Iliyopakuliwa kabla ya barabara ya Dongo Kundu kufunguliwa itakupeleka tu kwenye foleni ya kivuko cha Likoni. GPS yenyewe haihitaji data, inapokea setilaiti moja kwa moja, lakini bila data huchelewa kujua ilipo. Iache simu dakika chache mahali panapoona mbingu kabla ya kuondoka, si ukiwa chini ya paa la kituo cha mafuta.

Chaja ya zamani ya ampea 1 inatoa wati 5. Kioo kikiwaka muda wote, GPS na hotspoti juu yake, betri itashuka huku imechomekwa. Tafuta ya wati 18 au zaidi, na waya mzuri. Kwa lori hakikisha chaja imeandikwa 12 hadi 24V. Usiibandike simu kwenye dashibodi juani: iPhone, kwa mfano, imetengenezewa hewa isiyozidi nyuzi 35, na nyuma ya kioo cha gari mchana wa Januari huko ni kuvuka mbali. Simu ikizidiwa na joto husimamisha kuchaji na hufifisha kioo. Iweke mbele ya tundu la hewa baridi.

Tunapanga simu kwa safari hizi dukani, laini mbili, ramani na hotspoti kwa pamoja. Njoo siku moja kabla, simu ikiwa na chaji na wewe ukiwa na neno la siri la akaunti yako ya Google au Apple. Bila hilo kazi husimama nusu. Na ukirudi, izime ile laini ya Kenya kwenye mipangilio. Ukiiacha hewani na data yake imewashwa, ndiyo itakayokuwa kwenye rominga.