Barua ya wazi kwa vijana mnaoandaa orodha ya kupunguza wafanyakazi

Wanangu wa idara za rasilimali watu, nanyi wakuu wa vitengo mnaoitwa kwenye kile kikao cha milango iliyofungwa,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Wengi wenu mmeanza kazi mimi nimeshastaafu, kwa hiyo nijitambulishe. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi viwandani hapa Dar es Salaam, na kazi iliyonizeesha kuliko zote ni kukaa upande wa pili wa meza siku orodha ya wanaopunguzwa inaposomwa. Nawaandikia ninyi, siwaandikii wakurugenzi wenu, kwa sababu mkurugenzi husema tu "punguzeni gharama" akaondoka zake. Majina mnayaandika ninyi.

Kupunguza watu kwenyewe sina ugomvi nako. Benki zinafunga matawi kwa kuwa mteja anamaliza shida zake kwa wakala au kwenye simu; kiwanda kinaleta mashine moja inayofanya kazi ya watu sita. Kampuni ikielemewa, sheria inairuhusu. Ninachokisema ni hiki: wenye miaka 45 kwenda juu wanajikuta wamejaa kwenye orodha, na ndani ya kikao hakuna aliyetamka neno umri hata mara moja.

Mnajua wenyewe inavyokwenda. Jedwali la Excel liko ukutani kwa projekta: jina, kitengo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara. Mtu wa fedha anasema, "Hebu panga kwa mshahara, wakubwa waanzie juu." Kitufe kimoja tu, na wazee wote wanapanda mistari ya kwanza, maana mshahara wa fundi aliyeingia mwaka 1998 umekuwa ukiongezeka kidogo kidogo miaka yote hii. Baada ya hapo kinachobaki ni kumtafutia kila mmoja sababu. Huyu haendani na kasi. Huyu mfumo mpya umemshinda. Huyu si bado kidogo tu astaafu? Kikao kinakwisha chai ya saa nne haijapoa, na huko kwenye korido mnapishana na yule yule wa mstari wa tatu, mnamwamkia kwa adabu zote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inataja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mfanyakazi, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Hapo kwenye kuzunguka ndipo mnapoingia ninyi. Kupanga kwa mshahara hakutaji umri wa mtu, lakini kukiwaangukia wazee peke yao, siku moja mtatakiwa kuueleza upangaji huo mbele ya msuluhishi. Na mkumbuke kwamba mtu akilalamika kaachishwa isivyo halali, mzigo wa kuthibitisha kwamba mlitenda haki uko kwa mwajiri, mfanyakazi hadaiwi kuthibitisha kinyume chake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa fedha wanalijua vizuri ila hawalisemi kwa sauti. Kiinua mgongo cha kisheria, yaani malipo ya mtu anayeachishwa kazi, hapa kwetu ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, lakini hesabu inakomea miaka 10. Aliyetumikia miaka 10 anapata siku 70. Aliyetumikia miaka 28 naye anapata siku 70, isipokuwa kama mkataba wa hali bora kazini, ule wa chama na mwajiri, ulimpa zaidi. Wenzetu wa Kenya, sheria yao ya ajira ya 2007 inadai siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika, bila ukomo wa namna hiyo, kwa hiyo kumtoa mkongwe kunamuuma mwajiri. Kwetu ile miaka 18 ya ziada hailipiwi chochote. Kwa mwenye kalkuleta, kumtoa mzee ndiko kunakookoa mshahara mkubwa kwa kiinua mgongo kinachokomea siku 70. Sheria haikutungwa kwa nia hiyo, lakini ndiko inakowavuta, na ni vizuri mjue mnavutwa.

Sasa hilo la "bado kidogo astaafu". Ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana husemwa kwa sauti ya huruma. Mchukueni mtu wa miaka 51. Pensheni ya uzee NSSF haipati mpaka afike 55 kwa hiari, au 60 kwa lazima. Fao la kukosa ajira lipo, na mmwelekeze alifuate, ila ni la miezi michache tu. Serikalini nako hana pa kugonga: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yamezoea kuandika kwamba mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Kampuni binafsi haziandiki hivyo, zinanyamaza tu na kuita vijana kwenye usaili. Huyo mtu ana mtoto chuoni, mwingine kidato cha tatu, na huenda mama yake mzazi yuko kijijini anasubiri dawa za presha kila mwezi. Kijana wa miaka 27 akimwaga unga ataumia, sikatai, ila ana milango ya kujaribu. Huyu mnamfungia wa mwisho, halafu mnasema amebakiza kidogo.

Na "mfumo mpya umemshinda"? Niwape kisa kimoja, kiwanda sitakitaja. Mwendesha boila, mtu mzima, anayejua joto limezidi kabla mshale haujasogea. Ilipoletwa paneli mpya ya kompyuta, waliopelekwa mafunzo ni vijana. Yeye aliachwa ashike zamu ya usiku, kwa kuwa ndiye pekee aliyeaminiwa kuachiwa boila peke yake. Mwaka uliofuata akapimwa kwa ile paneli, akapata alama za chini, jina likaingia kwenye orodha. Barua alipewa Ijumaa saa kumi jioni, ikiwa na karatasi ya pili iliyoandikwa kwamba ameomba kuondoka kwa hiari. Miwani yake ilikuwa kwenye kabati huko ndani, na mlinzi alishaambiwa asimruhusu kurudi. Akasaini pale alipoonyeshwa kwa kidole. Jumatatu alikuja ofisini kwangu na nakala, akaniomba nimsomee.

Msije mkadhani nawatetea wazee wote. Wapo waliogoma kujifunza, wapo wanaosinzia kazini wakitegemea heshima ya mvi. Huyo muonyeni, mpeni muda, na asipobadilika mwondoeni kwa utaratibu wa utendaji mbovu, ajibu tuhuma zake. Msimfiche ndani ya upunguzaji pamoja na watu wasio na kosa.

Mtakapokaa tena, andikeni vigezo kwanza kabla jedwali halijafunguliwa, mkavijadili na chama cha wafanyakazi au, pasipo chama, na wafanyakazi wenyewe. Sheria inawataka mshauriane juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza uachishaji, namna ya kuchagua watu, muda na malipo. Ile barua moja ya "tunawajulisha" si mashauriano. Majina yakishatoka, ongezeni safu ya umri kwa wote, wanaotoka na wanaobaki, muitazame. Marekani hilo limo kwenye sheria tangu 1990: mwajiri anayepunguza kundi la watu, akitaka wenye miaka 40 na zaidi wasaini kwamba hawatamshtaki kwa ubaguzi wa umri, lazima awape orodha ya vyeo na umri wa waliochaguliwa na wasiochaguliwa, siku 45 za kufikiri, na siku 7 za kubadili mawazo baada ya kusaini. Sisi hatulazimishwi, lakini hakuna anayewazuia. Mkiona safu ya wanaotoka imejaa 48, 52, 55 na ya wanaobaki imejaa 29, rudini kwenye vigezo.

Kama barua zimeshatoka, bado lipo la kufanya. Mpeni kila mtu cheti chake cha utumishi siku hiyo hiyo, asizungushwe wiki tatu getini. Mwambieni pia kwamba akiona hakutendewa haki, ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwonyesheni ofisi yao iliko. Wakubwa wenu hawatafurahi kusikia mmesema hivyo. Semeni tu.

Ndimi mzee wenu,
Katibu mstaafu wa tawi, Dar es Salaam