Barua ya wazi kwa George Grenville, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza

Mheshimiwa,

Najua ulifariki 1770, na barua hii imechelewa mno. Lakini kila mjadala wa kodi ukipamba moto, hakosi mtu wa kutaja chai iliyomwagwa bandarini Boston mwaka 1773, kana kwamba walowezi wa Amerika waliasi kwa sababu kodi ilikuwa kubwa. Wewe unajua haikuwa hivyo.

Shida yako naielewa. Vita vya Miaka Saba (1756–1763), dhidi ya Wafaransa, viliiachia Uingereza deni la zaidi ya pauni milioni 120, na forodha ya makoloni ilikuwa inaingiza pesa kidogo kuliko gharama ya kuikusanya. Sheria ya 1733 ilidai peni 6 kwa kila galoni ya molasi (shira nzito ya miwa, ya kutengenezea pombe ya ramu) kutoka visiwa vya Wafaransa huko Karibi. Nahodha alimpa mtu wa forodha kitu kidogo, mapipa yakapita. Wewe 1764 ukashusha hadi peni 3. Nusu nzima! Mbona basi walowezi wakawaka?

Kwa sababu safari hii ulikusudia ilipwe. Maofisa wa forodha waliozoea kukaa kwao Uingereza wakila mshahara wa Amerika uliwaamuru waende vituoni. Manowari zikaruhusiwa kukamata meli, na wakamataji kupata mgao. Kesi ya mwenye shehena iliweza kupelekwa mahakama ya mambo ya bahari huko Halifax (Kanada ya leo), kwa hakimu mmoja bila jopo la raia, na mwenye shehena ndiye athibitishe kuwa mali yake ni halali.

(Hao hao waliolia kwamba kodi inawafanya watumwa walinunua molasi iliyotoka kwenye jasho la Waafrika, na baadhi yao wakapeleka ramu yake Afrika Magharibi kununua wengine. Hilo halikuwasumbua.)

Halafu ukaleta kodi ya stempu, muhuri wa kulipia kwenye karatasi: wosia, gazeti, hati ya mahakama, hata karata, shilingi 1 kwa pakiti. Agosti 1765 Boston walitundika mtini sanamu ya Andrew Oliver, msambazaji wa stempu, wakavamia nyumba yake, akaacha kazi. Wewe ulikuwa umeshafutwa kazi mwezi uliotangulia.

Swali langu ni moja. Ulijigamba kwamba uliwapa walowezi mwaka mzima watoe maoni juu ya stempu. Yalipofika maombi yao, ya koloni la Virginia yakiwemo, Bunge lilikataa kuyapokea, eti kanuni hairuhusu kupinga muswada wa kodi kwa maombi. Je, wewe mwenyewe uliyasoma?